Nani Alihesabiwa Kuwa Mfanyakazi: Kazi na Ulemavu Katika Milima ya Gusii

Kabla jiwe la sabuni la Tabaka, katika milima ya Gusii, halijafika kwenye rafu ya duka huko Nairobi au Mombasa likiwa kiboko mdogo wa rangi ya waridi, limekwisha kupita katika mikono mingi. Wachimbaji hushuka timboni na sururu na mitaimbo. Wabebaji huyapandisha mawe hadi barabarani. Mchongaji huketi chini, akalikata jiwe kwa panga mpaka umbo litokeze, kisha akashika kisu na kutafuta masikio, mdomo na mkunjo wa shingo. Jiwe likiwa bichi bado hukatika kwa urahisi wa kushangaza. Akimaliza, kipande huenda kwa wasuguaji, na wengi wao ni wanawake. Hao huketi kuzunguka makarai ya maji, wakakisugua kwa msasa mkwaruzo, kisha kwa ule laini, maji yakigeuka meupe kama maziwa. Baada ya hapo huja rangi, na baada ya rangi huja mwenye ncha kali ya chuma anayechora mistari, samaki au twiga. Mwisho ni nta na kitambaa.

Sasa tuipitie safari hiyo tena, tukimfikiria mtu ambaye miguu yake haimbebi. Ni hatua mbili tu zinazomtaka awe na miguu: timboni na kwenye mteremko. Nyingine zote hufanywa watu wameketi. Kiziwi hakosi kitu chochote katika kuchonga. Asiyeona, akiwa mbele ya karai, hugundua mkwaruzo kwa ncha ya kidole mapema kuliko mwenye macho, kwa sababu jiwe likiwa majini mikwaruzo yake haionekani vizuri mpaka likauke. Vumbi la kuchonga ni adui wa mapafu ya kila mmoja, mwenye ulemavu na asiye nao. Lakini kazi yenyewe haina sababu ya kumfungia mtu mlango.

Ilikuwaje basi, kwa muda mrefu katika karne iliyopita, mtu mwenye ulemavu katika Kisii na Nyamira, yaani nchi ya Gusii, akahesabiwa kuwa mtu asiye na kazi? Jibu lina historia yake, na historia hiyo ina tarehe.

Katika boma la Abagusii, wenyeji wa milima hii, kabla ya ukoloni, hakuna aliyekuwa na neno la kumtofautisha mwenye ajira na asiye nayo. Kulikuwa na kazi, na kazi zilikuwa za kila aina. Wimbi lilitaka kupaliliwa, na palizi ya wimbi hufanywa kwa kuinama au kuchuchumaa, mche kwa mche. Lilipokaribia kukomaa lilitaka mtu wa kuamia ndege, ambaye silaha zake ni sauti na subira. Likishavunwa lilitaka kupurwa, kupepetwa na kusagwa juu ya jiwe. Kulikuwa na kusuka ekee, kile kikapu cha kutilia ugali wa wimbi, ambacho husukwa kwa mkazo mpaka kikawa kigumu kama chombo cha mti. Mtu aliyezaliwa na mguu mbovu aliweza kuwa msukaji hodari, na nyumba ikala kwa mikono yake kama ilivyokula kwa mikono ya wengine.

Kazi kubwa zilifanywa kwa pamoja. Palikuwa na risaga, ambapo majirani walialikwa kulima kwa siku moja na mwenye shamba akawapa pombe, na palikuwa na egesangio, kundi dogo la watu wanaozungukiana shamba kwa shamba. Ndani ya makundi hayo kila mmoja alijulikana anaweza nini. Hakukuwa na karatasi ya daktari. Aliyeshindwa na jembe aliweza kuonekana kwenye moto au kwenye mtungi.

Nisiipake historia hii asali. Boma hilohilo lilikuwa na hofu zake. Kifafa, upofu wa ghafla, mtoto aliyezaliwa tofauti, mambo haya yaliweza kuelezwa kuwa laana au kazi ya wachawi, na hofu hiyo haijafa. Wako watoto waliofichwa nyumba ya nyuma wageni walipokuja. Ardhi ilipogawanywa kwa wana, aliyeonekana dhaifu aliweza kusogezwa pembeni. Hata hivyo milima hiyohiyo ilikuwa na ababari, waganga mashuhuri waliopasua kichwa cha aliyevunjika fuvu, wakaondoa vipande vya mfupa na kumrudisha mtu kwa jamaa zake. Jamii inayojitaabisha kiasi hicho kumwokoa majeruhi haiwezi kusemwa kuwa iliwatupa watu wake wote waliolemaa. Ilikuwa na mambo yote mawili, huruma na hofu, wakati mwingine chini ya paa moja.

Kilichobadilisha hesabu ni mshahara.

Waingereza waliingia Gusii kwa bunduki mwaka 1905 na tena 1908, mwaka ambao Otenyo, mpiganaji wa Abagusii, alimchoma mkuki afisa wao Northcote. Kituo cha Kisii kilijengwa kati ya miaka hiyo miwili, na nyuma ya kituo ikaja kodi ya nyumba. Kodi ililipwa kwa fedha, na fedha haikuota shambani. Vijana wakaondoka kwenda kuitafuta. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, na mapigano yakatokea Kisii penyewe mwezi Septemba 1914, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Baada ya vita kikaja kipande, kile cheti cha kuvaliwa shingoni kilichoandika nani amefanya kazi wapi na kwa nani. Katika miaka ya 1920 mashamba makubwa ya chai yakafunguliwa Kericho, jirani kabisa na Nyamira, na wachukuaji wa vibarua wakaanza kupita vijijini.

Mchukuaji wa vibarua alitafuta mwili. Alitazama mabega, miguu, macho. Serikali nayo ilizungumza lugha hiyohiyo: maagizo ya kazi za lazima za barabara yaliwahusu wanaume wenye nguvu, na ofisa wa wilaya aliweza kumsamehe kodi mzee au mgonjwa asiyejiweza. Msamaha huo ulikuwa nafuu ya kweli kwa familia maskini, sitaki kuudharau. Lakini angalia ulichofanya kwenye daftari. Kwa mara ya kwanza, watu wa Gusii waligawanywa kwa maandishi mafungu mawili: wanaoweza kazi na wasioiweza. Na kazi yenyewe ilikuwa imepunguzwa maana mpaka ikabaki ile inayolipwa na mgeni. Msukaji wa ekee hakuonekana humo. Kwa daftari la kodi, alikuwa mtu wa kuhurumiwa.

Nadhani hapo ndipo jeraha lilipoanzia, na mengi yaliyofuata yalikuwa majaribio ya kulitibu bila kulitaja.

Wa kwanza kujaribu walikuwa wamisionari. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika mwaka 1946. Mwaka 1956 sheria ikaunda chama cha kitaifa cha kuwahudumia wasioona. Mwaka 1958, wakati polio ilikuwa imekwisha kulemaza watoto wengi, kikazaliwa chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kinachojulikana hadi leo kwa herufi APDK, na Machakos kukaanza mafunzo ya ufundi kwa wasioona. Ukanda wa ziwa ulipata shule ya wasioona Kibos na shule ya Joyland ya wenye ulemavu wa viungo, zote upande wa Kisumu.

Kwa mzazi wa Nyamira au Tabaka, Kisumu ilikuwa safari ndefu. Mtoto alipelekwa muhula unapoanza, akarudi likizo akiwa na lafudhi ya wenzake wa bweni na lugha ya nyumbani, Ekegusii, iliyopungua kidogo kila mara. Shule hizo zilitoa walimu, makarani na waendesha mitambo ya simu, na heshima yao ni kubwa. Bei yake ilikuwa kwamba mtoto alisomea mbali na watu ambao baadaye angehitaji wamnunulie, wamwajiri na wamkopeshe.

Uhuru ulipokuja, serikali ililishika jambo hili mapema kuliko watu wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1964 kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa, waziri wa kazi wa wakati huo, iliangalia hali ya watu wenye ulemavu nchini. Waraka wa Bunge nambari 5 wa mwaka 1968 ukafuata, na kutoka humo vikazaliwa vituo vya mafunzo ya ufundi: cha viwandani Nairobi mwaka 1971, kisha vingine mikoani, kikiwemo cha Kericho na cha Kakamega. Watu walifundishwa kushona nguo, kutengeneza viatu, useremala, kazi ya ngozi. Aliyehitimu aliweza kupewa vifaa arudi navyo nyumbani.

Hebu tukitazame kimoja cha vifaa hivyo kwa karibu: cherehani. Cherehani ya kawaida ya fundi wa sokoni huendeshwa kwa kukanyaga. Miguu hupeleka gurudumu, mikono yote miwili hubaki huru kuongoza kitambaa. Aliyepoozwa miguu na polio hawezi kuikanyaga. Anahitaji ya mkono, yenye mpini pembeni, na hapo mkono wa kulia unazungusha huku wa kushoto peke yake ukishika kitambaa kisipinde. Inawezekana, na wako mafundi walioshona hivyo maisha yao yote, lakini ni polepole zaidi. Fundi anayelipwa kwa kila sare ya shule hupata sare chache kwa siku. Kwa hiyo tofauti ndogo ya mpini na kanyagio ilikuwa tofauti ya mapato kila jioni. Mahali palipokuwa na umeme na mota ndogo tofauti hiyo ilitoweka, ila umeme ulichelewa sana kufika vijijini.

Halafu kuna suala la wateja. Fundi amerudi kijijini na cheti, cherehani iko kwenye baraza ya mama yake, kijiji kiko kwenye mteremko, na soko liko juu ya mlima. Gusii ni nchi ya mvua nyingi na udongo mwekundu unaonata. Baada ya mvua, njia ya kupanda sokoni inamshinda hata mwenye miguu miwili, sembuse mwenye magongo ambayo huzama kila hatua. Kiti cha magurudumu hakitoki kabisa. Anayemtaka fundi inambidi ashuke kwake, na mteja hashuki mlima wakati juu kuna mafundi watano. Katika miaka ya 1990, biashara ya nje ilipofunguliwa na mitumba ikaingia kwa marobota, hata wale watano wa juu walibaki wakigombania sare na kupunguza suruali.

Vituo havikuwa na kosa la kufundisha vibaya. Vilimtengeneza fundi, vikamwachia peke yake kazi ya kuitengeneza njia, soko na mazoea ya majirani.

Wazo jingine lilikuwa tayari limeanza kusikika. Mkutano wa kimataifa wa afya wa Alma Ata wa mwaka 1978 ulisema afya ianzie kijijini, na wataalamu wa ulemavu wakauliza kwa nini marekebisho nayo yasianzie huko. Kenya iliutangaza mwaka 1980 kuwa mwaka wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, na Umoja wa Mataifa ukafuata kwa mwaka wa kimataifa 1981. Mwaka 1989 watu wenye ulemavu wenyewe wakaunda muungano wao wa kitaifa. Jambo hili la mwisho lina uzito kwangu kuliko yote yaliyotangulia: sasa waliozungumza juu ya kazi ya mtu mwenye ulemavu walikuwa ndio wanaoifanya. Vikundi vya wilayani vikaanza kusajiliwa kwa utaratibu uleule wa vyama vya akina mama na vijana, na mwenye kujua Gusii ataona humo sura ya egesangio, mzunguko wa jembe ukiwa umegeuka mzunguko wa fedha.

Sheria nitazipita upesi, maana zinajulikana. Ile ya mwaka 2003 ililikabidhi Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu jukumu la kutafuta asilimia 5 ya nafasi za kazi za vibarua, za dharura na za mkataba. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Katiba ya 2010 ilikataza ubaguzi, ikaweka lengo la angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika taasisi za umma, na kuitaka dola ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya. Kuanzia 2013, wakati kaunti za Kisii na Nyamira zilipoanza kazi, asilimia 30 ya zabuni za serikali ilitengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliamuru kampuni moja kubwa imlipe fidia ya shilingi 600,000 kijana asiyeona, aliyefika kwenye usaili na kukuta hakuna programu ya kompyuta ya kumwezesha kufanya mtihani. Mei 2025 ikaja sheria mpya inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi zake.

Kila hatua ilipiganiwa, na hakuna ninayeitoa thamani. Ila tuziweke kwenye ardhi ya Gusii tuone zinatua wapi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika eneo dogo lenye msongamano mkubwa kupita sehemu nyingi za mashambani Kenya. Mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena mpaka mengine ni kamba chache tu za ardhi, yenye migomba, mahindi na mistari ya chai. Kwa Kenya nzima, sensa hiyo ilipata watu 916,692 wenye ulemavu miongoni mwa walio na umri wa miaka 5 na kuendelea. Shamba halimtoshi tena hata aliye mzima, hivyo kila mtu anatafuta kibarua, na mwenye ulemavu anakitafuta akiwa nyuma ya foleni.

Kibarua kikubwa cha Nyamira ni kuchuma chai, na hulipwa kwa kilo. Mizani ya kituo cha majani haimbagui mtu. Inasoma kilo zilizomo kwenye kikapu, basi. Ndiyo maana wengine huisifu kuwa ya haki. Lakini mwenye mkono mmoja huchuma nusu, na mizani haijui kwamba ametumia siku ileile na jua lilelile. Kukadiria, kuandika uzito, kupembua majani mabaya, kusimamia miche kitaluni, zote hizo ni kazi za chai ambazo hazihitaji mikono miwili mteremkoni, na hugawiwa kwa neno la mtu. Kwa hiyo mlango wa ajira katika chai hufunguliwa au kufungwa na msimamizi mmoja anayeamua nani akae wapi.

Bodaboda zimeongeza sura mpya. Tangu pikipiki zipungue bei kuelekea mwaka 2008, vijana wengi wamevunjika miguu na wengine kukatwa, nao wakaingia katika ulemavu wakiwa na familia tayari na mikopo ya pikipiki mgongoni. Pikipiki hizohizo zimefanya kile ambacho barabara haikuwahi kufanya. Fundi wa mteremkoni sasa hubebwa na kufikishwa sokoni Keroka saa mbili asubuhi, na jioni akarudishwa na kijana yuleyule, kwa nauli ya mapatano ya wiki. Ukimuuliza mwenye magongo kilichompa kazi, mara nyingi atakutajia huyo kijana kabla ya kutaja kifungu cha sheria.

Sokoni nako mambo madogo yana uzito. Muuza ndizi asiyeona aliishi miaka mingi akitegemea uaminifu wa anayempa noti. Tangu 2007 M-Pesa imempunguzia noti lakini imemletea mtihani wa namba ya siri inayosomwa na mtoto wa jirani. Noti mpya za mwaka 2019 zina mistari iliyoinuka pembeni, inayotofautiana kwa kila thamani, naye huipitisha kidoleni kabla ya kurudisha chenji. Kwa viziwi, Taasisi ya Sikri, upande wa Oyugis, iko karibu vya kutosha kwa kijana wa Kisii kujifunza ufundi bila kupotelea mbali. Lakini anaporudi kwenye karakana, yeye peke yake ndiye anayejua ishara. Mahali ambapo mwenye karakana na vibarua wawili wamejifunza ishara arobaini za kazi, za vipimo, za bei, za kesho na za subiri, kiziwi hudumu kazini. Mahali ambapo hawakujifunza, huondoka baada ya msimu, na watu husema hakupenda kazi.

Hii ndiyo maana ya ajira jumuishi ninayoiona katika milima hii: kikundi chenye wanachama wenye ulemavu na wasio nao, kibanda kilichohamishwa mita chache kutoka kwenye mtaro hadi mahali tambarare, meza iliyopunguzwa urefu, mzigo unaobebwa na jirani kwa fungu la faida. Gharama yake hulipwa na watu wanaofahamiana kwa majina.

Nirudi Tabaka. Sheria ya 2025 inaanza kumhesabu mwajiri kwa watu 20. Ua wa kuchongea mawe huwa na watatu, watano, pengine wanane msimu wa maagizo ya Krismasi ukifika. Hakuna mkaguzi atakayeingia hapo kuuliza asilimia 5 iko wapi, na wala sheria haimtaki aingie. Mwenye ua ndiye anayeamua nani ataketi kwenye karai la maji. Kwako wewe mwenye ua huo, au mwenye kibanda cha viatu Daraja Mbili, au mwenye kitalu cha chai Nyansiongo: kuna mtu nyuma ya nyumba fulani usiyemfikiria. Mwite wiki hii, umwonyeshe jiwe na msasa, umpe muda uleule uliompa yule wa kwanza.